Kitovu cha Elvan Ndani ya Kiberiti

Durmuş hakusoma hata siku moja, na mtaa mzima ulijua sababu. Kitovu chake kilizikwa mahali pabaya.

Mama yake alikuwa amezika watoto watatu kabla yake. Wa nne alipozaliwa wakampa jina la Durmuş, yaani amebaki, asije akapata wazo la kuondoka kama wenzake. Akabaki. Siku ya saba kitovu kikadondoka. Mama akakifunga kwenye kitambaa, akampa baba. Kipeleke shuleni, kizike uani, mtoto awe mtu wa kalamu.

Ilikuwa Januari. Mji wa Çankırı mwezi huo theluji hufika magotini na ardhi huwa chuma. Shule ilikuwa juu ya kilima. Bekari ilikuwa chini ya kilima, ukuta wake ulikuwa na joto la tanuri, na udongo wa chini ya ukuta ulikuwa laini. Baba akachimba kwa kidole. Akafukia, akaingia ndani kuota moto, akanywa chai mbili, akarudi nyumbani kusema kwamba kazi imekwisha.

Ukweli ulijulikana miaka tisa baadaye, siku Durmuş alipoanza kubeba kuni katika bekari ileile. Baba alikiri mwenyewe. Mama akalia. Baba akasema angalau mtoto hatasikia baridi maishani, na hilo lilitimia. Durmuş alisimama mbele ya moto miaka hamsini na moja. Herufi alizijua chache, zile zilizoandikwa kwenye magunia ya unga.

Yeye mwenyewe hakuamini habari za kitovu. "Nyumbani tulikuwa saba na mkate mmoja," alikuwa akisema. "Mtu akiwa na njaa huenda mkate ulipo."

Mke wake, Yeter, ndiye aliyeamini kwa niaba ya wote wawili.

Yeter maana yake inatosha. Alikuwa binti wa sita, na wazazi wake walimpa jina hilo ili Mungu asikie. Baada yake wakaja mabinti wengine wawili. Ungedhani mtu kama huyo angekuwa wa kwanza kutilia shaka. Wapi. Mkasi ukiachwa wazi huleta ugomvi. Kisu na sabuni havipokelewi mkono kwa mkono; weka mezani, mwenzako achukue. Kandambili zikilala kifudifudi zinaita kifo. Na kitovu chake yeye kilizikwa chini ya kizingiti cha mlango wa baba yake, awe mwanamke wa kutulia nyumbani. Durmuş akirudi kutoka kazini alimkuta nyumbani labda mara nne kwa mwaka.

"Kitovu chako kimehama," alimwambia.

"Kizingiti si ni cha kutokea?" Yeter alijibu, huku akivaa viatu.

Alifariki Machi iliyopita, mchana, akiwa ameketi. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Tangu siku hiyo Durmuş alifunga kila mkasi aliouona wazi. Kila asubuhi aligeuza kandambili zilizolala vibaya, zake na za Yeter, ambazo zilikuwa bado mlangoni. Alimpa fundi bomba sabuni kwa kuiweka sakafuni, fundi akamtazama sana. Si kwamba alianza kuamini. Ila hakukuwa tena na mtu wa kubishana naye.

Februari iliyofuata binti yake Nazlı akajifungua mtoto wa kike. Wakamwita Elvan. Nazlı alikuwa mwalimu wa hesabu na alikuwa na miaka thelathini na sita. Siku ya tisa alimjia baba yake, akaweka kiberiti mezani.

"Baba, naomba ukipeleke Ankara."

"Kiberiti?"

"Kitovu. Nataka kizikwe kwenye chuo cha udaktari."

Durmuş akakitazama. "Wewe unafundisha hesabu. Unaamini mambo haya?"

"Siamini."

"Basi?"

"Mama angekuwepo, kingekuwa kimeshafika." Nazlı akasogeza kiberiti mbele kidogo. "Na sitaki mtu mwingine. Changu ulikipeleka wewe shuleni, na mimi huyu hapa. Mama alisema nini siku zote? Mkono wa baba yako una baraka. Alipanda kitovu, kikaota mwalimu."

Durmuş akainamia chai yake. Ilikuwa imeisha, lakini aliinamia hivyohivyo.

Sasa ukweli ni huu, na alikuwa ameubeba peke yake miaka thelathini na sita.

Nazlı alipozaliwa, Yeter alimpa kitovu ndani ya kiberiti kitupu na kumwambia apande nacho shuleni kabla ya kazi. Durmuş alikuwa amechelewa. Akasema atakwenda mkate wa asubuhi ukishatoka. Akakiweka kwenye dirisha la bekari. Mwenzake mmoja akataka kuwasha sigara, akafungua kiberiti, akaona kitu kikavu, cheusi, akadhani ni mdudu. Akakitupa chini.

Bekari ile ilikuwa na paka. Walimwita Mkaguzi, kwa kuwa kila asubuhi alipita gunia kwa gunia kutafuta panya, kisha adhuhuri alipanda kilimani shuleni, wanafunzi wamtupie masalia ya chakula chao. Asubuhi ile Mkaguzi alikuwa bado kazini. Akakagua.

Durmuş alifika na koleo la mkate mkononi. Paka alikuwa anajilamba mdomo.

Angefanya nini? Alichukua kiberiti kitupu, akakitia mfukoni, akasubiri mpaka mchana, akaenda nyumbani.

"Umekizika?" Yeter aliuliza.

"Kimezikwa."

"Wapi hasa?"

"Karibu na mlingoti wa bendera."

Yeter akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakulifanya kila siku. Hapo ndipo uongo ulipokuwa mgumu kuutoa.

Kitovu kikiliwa na panya, mtoto huwa mwizi. Hilo Durmuş alilijua, kila mtu alilijua. Habari za paka hakuzijua. Baada ya wiki mbili akajaribu.

"Na paka je, akila?"

Yeter akaacha kukunja nguo. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Mtu haulizi tu habari za paka, Baba Nazlı."

Hakuuliza tena. Akawa anamwangalia mtoto. Nazlı alipenda samaki. Hilo lilimkosesha raha, ingawa watoto wengi hupenda samaki. Wakati wa baridi alilala amejikunja pembeni ya jiko. Alipofika miaka saba alipanda mti wa jirani, mjozi mrefu, akashindwa kushuka, ikabidi walete ngazi, na Durmuş akasimama chini amekauka. Mara moja alianguka kutoka kwenye ukuta, akatua kwa miguu. Mtaa ukashangilia. Durmuş akaenda kukaa.

Halafu mtoto akawa wa kwanza darasani. Akawa wa kwanza tena. Akawa mwalimu, na akapangiwa kufundisha shule ileile ya kilimani. Yeter akaisimulia habari ya mlingoti wa bendera kwenye kila harusi na kila msiba, na kila aliposimulia Durmuş alitoka nje kupunga hewa. Alikusudia kumwambia. Alisubiri siku nzuri. Siku nzuri zilikuwa nyingi, na hakutaka kuziharibu. Kisha zikaisha.

Kwa hiyo alikichukua kiberiti cha Elvan. Safari hii kitovu kitafika, alijiambia. Kitaingia ardhini kwa mkono wake, naye akiona kwa macho yake. Angalau kimoja.

Akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaufunga mfuko kwa pini mbili.

Mlangoni mkwe wake Ferit alimvuta kando. "Baba, uwanja wa mpira uko dakika kumi tu kutoka stendi."

"Mtoto ni wa kike, Ferit."

"Siku hizi wanacheza, baba. Wanacheza kuliko wetu."

"Nazlı amesema udaktari."

"Nazlı hahitaji kujua. Kitovu hakina anwani."

Jioni ile Makbule, jirani wa ghorofa ya pili na rafiki wa Yeter wa miaka arobaini, naye akaleta mkate wa jibini wa safari pamoja na maoni yake.

"Udaktari wa nini, shemeji? Damu, na kutolala. Mzikie kwenye wizara."

"Wizara gani?"

"Yoyote. Ofisi ina joto, chai saa nne, saa kumi na moja mtu yuko kwake. Nenda kwenye wizara, ona palipo na bustani, maliza."

Asubuhi yake Durmuş alivaa kofia, akashika mfuko wenye chupa ya chai na mkate wa Makbule na kijiko cha kuchimbia, akatoka. Akasimama. Kuna kitu kilipungua.

Zamani kila alipotoka safari, hata akienda kwa kinyozi wa mtaa wa tatu, Yeter alimwaga bakuli la maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji. Durmuş alikuwa akimkaripia. "Unatia tope mlangoni." Leo mlango ulikuwa mkavu.

Alirudi ndani, akajaza bakuli. Akalishika, akapiga hatua tano, akageuka. Hapana; anayesafiri atamwagaje nyuma yake mwenyewe? Akajaribu kurusha juu ya bega bila kutazama. Maji yakaingia kwenye ukosi wa koti.

Dirisha la juu likafunguka. "Shemeji," Makbule alisema, "unaoga barabarani?"

"Nasafiri."

"Msafiri hajimwagii maji. Umeona wapi?"

"Sina wa kunimwagia."

Dirisha likafungwa. Durmuş akaweka bakuli chini, akaanza kwenda zake. Hakufika mbali. Ndoo nzima ilishuka kutoka ghorofa ya pili. Nusu ilitua barabarani, nyuma yake, mahali panapotakiwa. Nusu ilitua kwenye kofia.

"Haya, nenda," Makbule alisema juu. "Kama maji."

Katika basi alikaa amelowa, mkono juu ya kifua. Walipopumzika njiani, abiria wa jirani alitoa sigara, akaomba kiberiti.

"Sina."

"Si hicho umekishika?"

"Si changu."

"Nawasha moja tu, nakurudishia."

"Mwanangu," Durmuş alisema, "hivyo ndivyo alivyoanza yule wa kwanza." Akahamia kiti cha mbele.

Chuo cha udaktari kilikuwa na geti la chuma na kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, masharubu yamekatwa vizuri. Kwenye kifua chake palikuwa na jina, Bünyamin, ambalo Durmuş hakuweza kulisoma.

"Mfukoni kuna nini, mzee?"

"Kiberiti."

"Moto hauingii humu."

"Hakina moto."

"Fungua."

Durmuş akafungua pini ya kwanza, akafungua ya pili, akasukuma kiberiti kwa kidole gumba kiasi cha mtu kuona. Mlinzi akachungulia, akashusha pumzi.

"Wa tatu leo," alisema. "Na saa nne haijafika. Mzee, hairuhusiwi. Mnaharibu mawaridi. Mtunza bustani kila majira anachimbua viberiti, vitambaa, juzi amechimbua kopo la krimu. Rudi nyumbani."

"Nimetoka Çankırı."

"Jana alikuja bibi kutoka Kars, mbali kuliko wewe."

"Mwanangu, huna mama wewe?"

"Ninaye. Ndiyo sababu nakuambia rudi." Bünyamin akanyoosha kidole kuelekea chini, pale alipokuwa amesimama, chini ya kibanda chenyewe. "Changu kiko hapo. Mama alitoka Kırşehir nacho. Alitaka niwe daktari wa moyo."

Durmuş akatazama chini, kisha akamtazama mlinzi, kisha kibanda. "Na mbona...?"

"Alikuwa anawahi basi la kurudi. Akafukia hapa getini, mbiombio. Wakati huo kibanda hakikuwepo." Mlinzi akavuta masharubu. "Sasa hesabu mwenyewe. Niko chuo cha udaktari tangu saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku. Miaka kumi na minane. Hakuna profesa aliyekaa humu kunizidi."

Durmuş akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekanyaga karibu na shimo.

"Basi mimi lazima niingie ndani kabisa," alisema.

"Mzee, umenisikia?"

"Nimekusikia vizuri sana. Unataka mjukuu wangu aje akae na wewe kibandani?"

Bünyamin akageuka. Alikitazama kile kibanda, kiti chake, hita yake ya umeme iliyoshika moto upande mmoja tu.

"Unaumwa nini?" aliuliza mwishowe.

"Siumwi."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na mitatu."

"Basi lazima kuna kitu. Fikiri."

"Goti," Durmuş alisema. "Kidogo. Mvua ikikaribia."

"Goti ni jengo la pili kushoto." Mlinzi akamvalisha kadi ya mgeni shingoni. "Kadi irudi hapa kabla ya saa saba. Na sijakuona."

Ndani ardhi ilikuwa imeganda. Durmuş alijaribu penye mawaridi; kijiko kikalia kama kimegonga sahani. Akajaribu karibu na ukuta wa jengo refu. Mwanafunzi wa kike akapita.

"Binti yangu, humu ndani ni nini?"

"Chumba cha maiti, babu."

Akaondoka haraka. Akajaribu penye miti. Hapo palikuwa maegesho ya magari, na hakutaka awe dereva, ingawa dereva si kazi mbaya. Akazunguka nyuma ya jengo jingine na hapo theluji ilikuwa imeyeyuka. Ukuta ulitoa joto. Udongo ulikuwa mweusi, laini, kama unga uliokandwa. Aliuchoma kwa kidole na kidole kikaingia chote. Kutoka dirishani ilitoka harufu ya supu ya dengu. Jiko la wanafunzi.

Alisimama pale kwa muda. Vidole vilikuwa vinamuuma kwa baridi, goti nalo, maana tangu alitaje lilikuwa limeanza kuuma kweli. Akamwelewa baba yake, mara ya kwanza katika miaka sabini na mitatu. Mtu mwenye baridi, na ukuta wenye joto. Nani atajua?

"Unga umetutosha katika ukoo huu," alisema kwa sauti, akapita.

Chini ya dirisha la ukumbi mkubwa, profesa alikuwa anafundisha na sauti yake ilisikika hadi nje. Durmuş hakuelewa neno hata moja, akaona hiyo ni dalili nzuri. Akapiga magoti. Ardhi ikakataa. Akafungua chupa ya chai, akamimina chai ya moto palepale, kidogo kidogo, kama anavyomimina mtu kwenye gilasi ya mgeni. Udongo ukalegea. Akachimba. Akamimina tena. Kijiko kikapinda, akakinyoosha kwa goti zima, akaendelea.

Shimo lilipofika kina cha mkono alihisi kwamba anatazamwa. Akageuka.

Alikuwa paka. Wa kijivu, mnene, sikio moja limeliwa. Amekaa juu ya theluji, mkia umezunguka miguu, anatazama kiberiti.

"Hapana," Durmuş alimwambia.

Paka akasogea.

Durmuş akatoa mkate wa Makbule, akakata kipande, akarusha mbali. Paka hakugeuza hata kichwa. Akarusha chenye jibini nyingi zaidi. Paka akafikiri, akaenda. Hapo Durmuş akafanya kazi kama alivyofanya kazi miaka hamsini na moja, haraka na bila kupoteza mwendo wa mkono. Kitovu chini, kiberiti na vyote, udongo juu, akashindilia kwa ngumi, akatafuta jiwe kubwa, akaliviringisha juu yake. Kisha, kwa kuwa paka alikuwa amerudi, akakalia jiwe.

Wakakaa wakitazamana.

Bünyamin alimkuta pale saa saba na nusu. "Mzee, nimekwambia saa saba. Nimekwenda mpaka kwenye magoti kukutafuta."

"Siwezi kuondoka. Kuna huyu."

"Huyu? Huyu ni wa chuo. Amezaliwa humu."

"Atachimbua."

"Paka achimbue jiwe? Una nini na paka, baba?"

Labda ni yale maji ya kofia, labda ni baridi. Labda ni kwamba alikuwa mgeni asiyemjua Yeter. Durmuş alimsimulia yote. Sigara, dirisha, Mkaguzi, mlingoti wa bendera. Mjozi. Ukuta na kutua kwa miguu. Mlinzi hakucheka mpaka kwenye mjozi, na hapo alilazimika kushika ukuta.

"Mke wangu amefariki hajui," Durmuş alisema. "Nilimwambia kimezikwa."

Bünyamin akafuta macho. Akamtazama paka wa chuo, akawaza.

"Binti yako anafanya kazi gani?"

"Nimekwambia. Mwalimu. Shule ileile."

"Na huyo Mkaguzi, akishakula, alikwenda wapi?"

"Wapi tena? Adhuhuri alipanda shuleni. Kila siku."

"Siku ile pia?"

Durmuş akakumbuka. Alikuwa amekaa mlangoni na kiberiti kitupu, akimtazama yule paka akipanda kilima, tumbo mbele, hana haraka. "Siku ile pia."

"Uani kwa shule kulikuwa na udongo?"

"Palikuwa na bustani. Penye bendera."

"Na paka akienda haja," Bünyamin alisema polepole, kama mtu anayefungua geti, "akimaliza hufanya nini?"

Profesa ndani alikuwa amemaliza somo, viti vilikuwa vinaburutwa.

"Hufukia," Durmuş alisema.

"Basi, baba."

Walikaa, mmoja kwenye jiwe, mmoja amechuchumaa. Paka aliwatazama, akaona hakuna cha kupata, akaenda kwenye jiko la supu.

"Alifukia vizuri sana yule," Durmuş alisema baada ya muda. "Alikuwa paka msafi."

Aliporudi, Nazlı alikuwa akimngoja mlangoni na mtoto begani. Aliuliza kama kimezikwa. Kimezikwa, alisema. Wapi hasa? Chini ya dirisha la profesa, kina cha mkono, jiwe juu. Nazlı akambusu kwenye paji la uso, na Durmuş akapokea, safari hii bila kutoka nje kupunga hewa. Ferit aliuliza kwa macho habari za uwanja. Akajibiwa kwa macho pia.

Ijumaa alikwenda makaburini. Alichota maji kwenye bomba la pale, kama wanavyofanya wote, akayamimina juu ya kaburi la Yeter toka kichwani mpaka miguuni. Halafu akakaa kwenye ukingo.

"Kile cha Nazlı, Mama Nazlı," alisema. "Kilizikwa. Penye bendera, kama nilivyokwambia." Akapangusa udongo kwenye ukingo. "Ila aliyezika si mimi."

Akamweleza. Ilichukua muda, maana hakuzoea kusema mengi, na penye mjozi alicheka kidogo mwenyewe. Mwanamke wa kaburi la pili aligeuka kumtazama.

"Jumanne naenda Ankara tena," alisema mwishoni. "Makbule ametangaza mtaani kwamba mkono wangu una baraka. Wameleta viberiti vitatu. Viwili udaktari. Cha tatu wanataka benki, na mimi benki simjui mtu." Akainuka, akishika goti. "Yule mlinzi ameniambia nije na kijiko cha chuma kisichopinda."

Alifika nyumbani adhuhuri. Kandambili moja ya Yeter ilikuwa imelala kifudifudi. Akaigeuza.